Kinywa cha Kuazima

Kadi ya wazee, ile inayompandisha mtu treni na mabasi ya London bila kulipa akajiona waziri, huamka saa tatu asubuhi. Kabla ya hapo imelala. Ukiigusisha kwenye mashine mapema inakuwashia taa nyekundu na kukupigia mlio wa kukuumbua mbele za watu. Na darasa la ukalimani la Mzee Method, kule Hounslow, nalo lilianza saa tatu hiyohiyo.

Alipokuwa akikaa Hounslow hilo halikumsumbua, maana chuo na nyumba yake vilikuwa pua na mdomo. Lakini mkewe, Bi Beatha, alikata shauri wahamie Woolwich wawe karibu na binti yao Haika, na Bi Beatha akikata shauri hata serikali hukaa kimya. Toka Woolwich mpaka Hounslow ni kulivuka jiji zima. Method alipenda kusema kwamba safari ile alikuwa akiianza kidevu kikiwa laini na kuimaliza akiwa na ndevu. Kila siku ya darasa alifika wenzake wakiwa wameshasuuza vikombe vya chai ya mapumziko.

"Bwana Method," mwalimu wake alimwambia mwishowe, "hamia chuo cha Woolwich. Wana kozi hiihii. Utaendelea pale ulipoishia."

Sharti la kuhama lilikuwa barua mbili za mapendekezo: moja ya mwalimu anayemfundisha, nyingine ya mtu anayemfahamu asiye ndugu. Barua zisipotosha, masomo yote aliyokwisha kuyasoma yangekwenda na maji, na Septemba angeanza upya na wageni wanaouliza ukalimani ni nini. Method alikuwa na miaka sitini na saba. Katika umri huo mtu akiahirisha jambo, anaahirisha na mengine asiyoyajua.

Na alikitaka kile cheti. Alikuwa amebeba masanduku ya watu uwanja wa ndege wa Heathrow mpaka mgongo ukasalimu amri. Sasa alitaka kubeba maneno yao. Sentensi hiyo aliipenda, na alikuwa ameisema mara nyingi mpaka Bi Beatha akawa anaimalizia yeye. Lakini nyuma yake palikuwa na jambo la kweli. Siku moja zahanati alimkuta bibi mmoja wa Kipemba, peke yake, akiitikia "yes" kwa kila alichoulizwa, hata alipoulizwa kama ana mimba. Method akasogea, akamwamkia, akamfafanulia. Yule bibi aliushika mkono wa koti lake na hakuuachia mpaka alipotoka kwa daktari. Tangu siku ile Method aliona kwamba hatimaye amejua kazi ambayo Mungu alimpa mdomo kwa ajili yake.

Tatizo lilikuwa chumvi.

Method hakuwa mwongo. Mwongo hutaka kuaminiwa. Yeye alitaka kusikilizwa tu. Kwa kinyozi, pale karibu na soko la Woolwich, alikuwa ameshasimulia habari za sanduku lililokoroma njia nzima toka Nairobi, na za sanduku la mganga lililogoma kuingia kwenye ndege mpaka alipoliamkia kwa Kichaga. Siku aliposimulia habari za simba aliyeteremka na mizigo, lebo ikining'inia shingoni, akauliza njia ya kwenda mtaa wa Hayes, kinyozi alicheka mpaka akamnyoa mteja nyusi moja. Mteja mwenyewe aliomba hadithi iishe kwanza ndipo alalamike.

Sasa mtu wa namna hii ndiye aliyejiandikisha kusoma kazi yenye amri tatu. Mwalimu Balwinder aliziandika ubaoni siku ya kwanza: usiongeze, usipunguze, usijiingize.

Balwinder alikuwa mama wa makamo, wa familia ya Kipunjabi iliyotoka Kisumu yeye akiwa mdogo. Kiswahili chake kilikuwa kimebaki cha dukani, cha kupima na kugombeza, lakini masikio yake yalikuwa mazima kabisa. Katika zoezi la kwanza alijifanya daktari. Miska, binti wa Kizanzibari aliyesoma na Method, akajifanya mgonjwa mtu mzima. Method akakaa katikati yao. Daktari akauliza kwa Kiingereza, maneno mawili tu: kuna maumivu?

Method akamgeukia Miska. "Shikamoo, mama. Daktari anakusalimu sana. Anasema pole na safari, pole na baridi hii. Watoto hawajambo? Haya, mama, utamwia radhi, si kwa ubaya, anapenda kujua kama kuna mahali panapokuuma."

"Hapana," akajibu Miska huku akijing'ata mdomo asicheke.

Method akamgeukia daktari, akasema kwa Kiingereza kwamba mama anashukuru, hana maumivu kwa uwezo wa Mungu, na anaisalimu familia ya daktari.

Balwinder akavua miwani. "Bwana Method. Mimi nimesema maneno mawili. Yeye amesema moja. Haya mengine ni ya nani?"

"Ya adabu, mwalimu. Huwezi kumvamia mtu mzima na maumivu yake hujamwamkia. Atakuficha hata kidonda."

"Kama daktari hana adabu, mwache aonekane hana adabu."

"Mwalimu, anayesema ni mimi. Nitaonekana mimi."

Zoezi la mahakama lilikuwa baya zaidi. Shahidi alisema ameona mnyama akiibwa. Method alipomaliza kutafsiri, mnyama alikuwa ng'ombe mwekundu, mwenye pembe moja, jina lake Malkia.

"Nilitaka jaji amwone," alijitetea.

Kwa hiyo utaelewa kwa nini, siku ya kwenda Hounslow kuomba barua, alipanga maandazi kwenye kopo, akayapangua, akayapanga upya. Bi Beatha, ambaye siku hiyo hakuwa na zamu kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi, alisimama mlangoni akimtazama.

"Unakwenda kuomba barua au unakwenda kuposa?"

"Mtu haendi kwa mwalimu mikono mitupu, Mama Haika."

"Siku zote umekwenda mikono mitupu na mdomo umejaa. Leo geuza. Mikono ijae, mdomo uwe mtupu."

Balwinder alipofungua kopo, iliki ikatangulia kusalimia. Akaitazama zawadi, kisha akamtazama mletaji.

"Hii ni rushwa, Bwana Method?"

"Ni heshima, mwalimu."

"Heshima yenye iliki." Akachukua andazi moja, akalitafuna taratibu, kama mtu anayelipima kilo. "Barua nitaandika. Lakini nitaandika ukweli."

"Wote?"

Hapo Balwinder akahamia kwenye Kiswahili chake cha dukani. "Wote. Ama nipimie wewe nusu kilo?"

Method akacheka, lakini neno "ukweli" lilimkaa kooni kama mwiba wa perege. Zamani, kule nyumbani, barua ya namna hii ungeibeba mwenyewe, imefungwa kwa gundi, na jioni ungeifukiza kwenye mvuke wa birika ujue umesemwaje. Hii Balwinder aliituma kwa kompyuta, ikafika Woolwich Method akiwa bado anatafuta lifti ya kituo. Barua pepe haina gundi, na birika haliwezi kuisaidia.

Ndipo akafanya lile ambalo mtu mwenye hofu hufanya: akaenda kutafuta mhuri.

Mhuri ulikuwa kwa Humphrey, mwenyekiti wa chama cha kuzikana cha Watanzania wa mtaa wao. Katika imani ya Method, barua isiyo na mhuri ni maoni tu. Akamweleza mwenyekiti kwamba ya mwalimu imekwenda na huenda ina uchungu, kwa hiyo ya pili iwe na sukari ya kutosha.

Humphrey akafungua kompyuta, akakunja mikono ya shati. "Kwa yeyote anayehusika. Mleta barua hii—"

"Siileti mimi, mwenyekiti. Inatumwa."

"Acha hivyohivyo. 'Mleta barua' ndiyo lugha ya serikali. Haya, umewahi kutafsiri mahakamani?"

"Nilimsomea jirani yangu Samson barua yake ya faini ya kuegesha gari vibaya."

"Hiyo ni sheria. Mahakamani." Akaandika. "Ubalozini?"

"Niliwahi kupita mbele yake."

"Umepitia ubalozini." Akaandika. "Hospitali?"

"Yule bibi wa Kipemba, zahanati."

"Mmoja?"

"Mmoja."

"Nitaandika 'akina bibi'. Usiniangalie hivyo, Mzee Method, hao wengine watakuja."

Kisha akaichapisha na kuipiga mhuri kwa nguvu mpaka meza ikaitikia. Mhuri ule ulikuwa na picha ya mikono miwili iliyoshikana, ila wino ukizidi ilionekana kama mtu anayeshushwa kaburini. Siku hiyo wino ulizidi. Wakaipiga picha, wakaituma.

Method alirudi nyumbani akipiga mluzi. Akili, ambayo kwa kawaida ilimfuata kwa miguu, ilimkuta kwenye ngazi. Kama Balwinder ameandika ukweli, na Humphrey ameandika yale, basi mtu atakayezisoma zote mbili atasoma nini?

Jibu likaja wiki iliyofuata: anaitwa chuoni, mkuu wa kozi angependa kumwona.

Bi Beatha alimpigia pasi shati jeupe na kumpa wasia mlangoni. "Ukiulizwa, jibu. Usipoulizwa, kohoa."

Mkuu wa kozi aliitwa Aristide, Mkongomani aliyekulia Ubelgiji, mrefu, nadhifu, Kiingereza chake kikitembea kwa viatu vya Kifaransa. Kiswahili hakukijua hata kidogo. Kando yake alikaa Bi Ummukulthum, mtahini wa Kiswahili, mama wa Kizanzibari aliyemzidi Method umri, aliyekuwa ametafsiri mahakamani miaka mingi. Mtandio wake ulikuwa mweusi na kalamu yake nyekundu.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Kaa."

Method alikuwa bado na habari za nyumbani, za afya na za baridi, zote zimejipanga ulimini. Lakini lile "kaa" lilikuwa limeshafunga mlango. Akakaa, akakohoa.

Aristide akaweka karatasi mbili mezani. "Bwana Method," akasema kwa Kiingereza, "nina shida ndogo. Barua hizi zinazungumzia watu wawili. Huyu wa kwanza, mwenye mhuri, ametafsiri mahakamani, ubalozini, na kwa akina bibi wasio na idadi. Mtu kama huyu haihitaji kozi yetu, pengine angetufundisha sisi. Wa pili ni mwanafunzi. Ningependa kujua ni yupi aliyekuja leo."

"Mwenye mhuri hakuweza kuja," Method akajibu. "Ana mazishi."

Likamtoka kabla hajakohoa. Aristide aliitazama ile picha ya mhuri kwa muda. Bi Ummukulthum akainamia karatasi yake, na mtandio ukatikisika kidogo begani.

"Basi na tumwone huyu aliyebaki," akasema kwa Kiswahili alipoinua uso. "Bwana Aristide atasoma barua ya mwalimu wako kwa Kiingereza, kituo kwa kituo. Wewe utanifasiria mie kwa Kiswahili. Masharti unayajua?"

"Usiongeze, usipunguze, usijiingize."

"Na kwa nafsi ya kwanza. Mwalimu akisema 'mimi', na wewe sema 'mimi'."

"Yaani mimi niwe Balwinder?"

"Kwa muda mfupi. Usimtie aibu. Ukipita, unaingia darasani Jumatatu. Usipopita, tutaonana Septemba, darasa la mwanzo."

Method akafuta viganja kwenye suruali. Aliwahi kusema mengi juu ya watu wengi, na wengi walikuwa wamesema mengi juu yake, lakini hajapata kukodiwa kujisema mwenyewe.

Aristide akaanza, na taabu ikaanza hapohapo, kwa sababu barua ya Balwinder haikuwa na salamu. Method alilelewa kwenye barua zinazoanza na "natumaini hujambo, nami huku sijambo, wasiwasi ni kwako wewe tu uliye mbali." Hii ilianza kama mtu aliyesukuma mlango kwa teke. Salamu zikamjaa mdomoni. Akazimeza, na zikashuka kwa shida, kama ugali bila mboga.

"Nimemfundisha Bwana Method tangu Septemba," akatafsiri. "Huchelewa. Kosa si lake lote, kosa jingine ni la kadi yake ya usafiri."

Kalamu nyekundu ilikuwa imelala. Aristide akaendelea, naye Method akaendelea.

"Ana tabia ya kuongeza. Huongeza salamu. Huongeza methali. Siku moja aliongeza ng'ombe."

Aristide alisita kwenye ng'ombe, akaisogeza karatasi karibu na macho kuhakikisha. Method naye alikuwa katika mateso makubwa. Wekundu wa yule ng'ombe, na pembe yake moja, na jina lake Malkia, vyote vilikuwa vimebanana nyuma ya meno vikidai kutoka. Mtu aliyemzaa ng'ombe yule ni yeye, na sasa anaambiwa amtambulishe kama hamjui. Akafunga kinywa. Ng'ombe akapita bila rangi, bila pembe, bila jina, kama maiti asiye na jamaa.

"Nimemwonya mara nyingi. Hunisikiliza kwa heshima kubwa, kisha hufanya vilevile. Siku ya kuomba barua hii aliniletea maandazi. Nimeyala. Hayakubadilisha neno lolote humu."

Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Hawakusema ufanyeje ikiwa anayenyolewa ni wewe na mwenye wembe ni wewe. Jasho lilimtiririka Method mpaka kwenye kola aliyopigiwa pasi. Lakini kila sentensi ilitoka nzima, uchi kama ilivyozaliwa, na alipochungulia karatasi ya Bi Ummukulthum hakuona alama yoyote nyekundu. Kidogo kidogo akaanza kujiona mkalimani. Hata akanyoosha mgongo.

Aristide akafika kwenye aya ya mwisho, akaisoma polepole zaidi. Method alielewa kila neno. Balwinder alikuwa ameandika kwamba pamoja na hayo yote, tangu aanze kufundisha kazi hii hajapata mwanafunzi ambaye watu humwamini upesi namna ile. Kwamba mtu mwenye hofu, akimsikia Method, hofu yake hukaa chini. Na kwamba siku mama yake mwenyewe atakapolazwa, na Kiingereza kikamtoka kama kinavyowatoka wazee, angetaka huyu ndiye awe kando ya kitanda. Na yeye Balwinder angekaa upande wa pili, ahesabu maneno.

Aristide akaishusha karatasi. Bi Ummukulthum akangoja.

Method akakohoa. "Anasema," akasema, "tumeishi vizuri."

Kalamu nyekundu ikaamka.

"Rudia."

"Tumeishi naye vizuri, Bi."

"Bwana Method, Kiingereza mie nakijua. Hapo pamepita treni nzima. Wewe umeniletea behewa moja."

"Yale mengine, Bi, ni..." Akatazama viatu vyake. "Ni sifa."

"Sifa za nani?"

"Zangu."

"Na ng'ombe alikuwa wa nani?"

"Wangu pia."

"Ng'ombe umenitolea mzima. Sifa umezila."

Mtu huyu aliyeweza kumpa simba tiketi na sanduku usingizi sasa alikuwa akisota kwenye kiti kama mwali. Ajabu ni kwamba katika hadithi zake zote, kwa kinyozi na kwingineko, hapakuwa hata na moja ambamo yeye Method alikuwa mtu mwema. Alikuwa mjanja, alikuwa mwenye bahati, mara nyingi alikuwa mjinga. Wema hakuwahi kujitilia, hata kwa chumvi.

"Kwetu mtu hajisifu, Bi. Chema chajiuza—"

"Kibaya chajitembeza. Naijua, na kwetu vilevile hatujisifu. Lakini wewe saa hii hujisifu, kama vile hapo mwanzo hukuwa ukijitukana. Kinywa hicho si chako. Umemwazimisha mwalimu wako. Ushapata kuona sufuria ya kuazima ikaona haya kwa kilichopikwa ndani yake?"

"Sijaona."

"Waongezaji nimewaona tele, mahakama nzima huwasikia. Mpunguzaji ndiye wa kuogopwa, maana huonekana mstaarabu. Daktari akimwambia mgonjwa amepona, utamwambia 'anasema hujambo kidogo' kwa sababu unaona haya?"

Aristide, aliyekuwa akigeuza kichwa huku na huku, akauliza kwa Kiingereza kama kuna tatizo.

"Kuna sifa zimekwama," akajibiwa. "Zinatoka sasa hivi."

Method akashika magoti yake. Akafumbua kinywa na kukiacha, kama mtu anayemwachia jirani ufunguo wa nyumba.

"Pamoja na hayo yote," akasema, "tangu nianze kufundisha kazi hii, sijapata mwanafunzi ambaye watu humwamini upesi kama Bwana Method." Jina lake mwenyewe lilimkwaruza lilipopita. "Mtu mwenye hofu akimsikia, hofu yake hukaa chini." Hapo sauti ikateleza, kwa sababu ghafla aliuhisi tena ule mkono mwembamba wa bibi wa Kipemba ukiwa umeng'ang'ania koti. Akaendelea. "Siku mama yangu atakapolazwa, na Kiingereza kikamtoka kama kinavyowatoka wazee, ningetaka huyu ndiye awe kando ya kitanda chake. Mimi ningekaa upande wa pili, nihesabu maneno."

Bi Ummukulthum aliandika, akaandika tena, akafunga kalamu kwa kifuniko chake.

"Ya ng'ombe umepata yote. Ya sifa umepoteza alama, na ulipoanza kwa 'anasema' umepoteza nyingine." Akamsogezea Aristide karatasi, na Aristide akatia sahihi. "Jumatatu. Sie huanza saa nne."

Saa nne! Kadi itakuwa imeamka, imenawa uso na kunywa chai.

"Ahsante, Bi," Method akasema. Basi, hivyo tu, akasimama.

"Hiyo ahsante ni yako mwenyewe?"

"Ni yangu, Bi."

"Basi hapo ungeweza kuongeza kidogo."

Nyumbani, Bi Beatha alikuwa jikoni akikoroga uji. Hakugeuka.

"Wamesemaje?"

"Nimepita. Naanza Jumatatu."

Bi Beatha akangoja. Alikuwa ameishi na mtu huyu miaka ya kutosha kujua kwamba habari yake haiwezi kuisha bila angalau mnyama mmoja. "Halafu?"

"Basi."

Mwiko ukasimama. Bi Beatha akageuka, akaweka kiganja kwenye paji la uso la mumewe. "Baba Haika, unaumwa?"

"Mzima."

"Na barua? Mwalimu aliandika nini?"

Method akavuta kiti. Akataja kwamba msomaji alikuwa Mkongomani wa Ubelgiji, kisha akamtolea barua yote tangu kuchelewa hadi ng'ombe, tangu maandazi hadi kitanda cha hospitali, kwa nafsi ya kwanza kama alivyofundishwa, mpaka ikawa kama Balwinder mwenyewe amekaa pale jikoni kwa shati la kiume. Alipofika kwenye kuhesabu maneno, uji ulikuwa umeanza kushika chini.

"Amesema hivyo?"

"Neno kwa neno."

"Juu yako wewe?"

"Juu yangu."

Bi Beatha akajifuta macho kwa upindo wa khanga, akasema ni vitunguu, ingawa jikoni hapakuwa na kitunguu. Kisha akachukua simu, akabonyeza, na kabla upande wa pili haujamaliza kusema halo alikuwa ameshaanza.

"Haika! Haika mwanangu! Baba yako amesomewa barua mpaka mkuu wa chuo akasimama! Walimu watatu wamelia, na mmoja ni Mbelgiji!"

Haika akajibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba haamini.

"Nakwambia wamelia! Wamesema mgonjwa akimsikia tu, anainuka kitandani! Eeh? Ndiyo, ng'ombe pia yumo, ng'ombe mwekundu, subiri nikuanzie mwanzo."

Method akafungua kinywa kusahihisha. Ndipo akaikumbuka ile amri ya tatu, akakifunga. Akajisogezea bakuli la uji ulioungua, akakaa kimya kimkalimani, akimsikiliza ng'ombe wake akiota pembe ya pili.